Vidonge Msimu wa Ndege

Mama mdogo alimeza vidonge vyake akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayejitoa mwiba. Mimi nilimeza nimekaa, kwa kikombe kizima cha maji, na hakuna jioni aliyoacha kunicheka.

"Wewe unavibembeleza," aliniambia. "Vitupe huko ndani vikafanye kazi."

Tulimeza pamoja baada ya chakula cha jioni, nyumbani kwa mama yangu, katika kijiji kimoja cha ng'ambo ya Mto Tana, chini kidogo ya Wema. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja. Watu wa kwetu hawapendi kuutaja jina, wanasema "kuanguka" na kushusha sauti. Mimi nautaja. Ni kifafa. Nimechoka na watu wanaonong'ona kana kwamba ugonjwa una masikio.

Mama mdogo alikuwa mdogo wa mama, tumbo moja. Hakuolewa. Walikuja wachumba wawili watatu, kila mmoja akaambiwa kisimani kwamba yule msichana huanguka, na hakuna aliyerudi. Alibaki nyumbani kwetu, akalima na mama, akaimba kwaya, na akanilea mimi kwa ukali na mizaha kwa pamoja.

Mimi nilianguka mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi, paredi ya asubuhi, mbele ya kila mtu. Nilipozinduka niliona anga, kisha miguu ya watu ikiwa mbali, imenizunguka. Walimu nao walikuwa kwenye duara hilo. Kwetu wapo wanaoamini hadi leo kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, na siku ile nadhani shule nzima iliamini. Mtu aliyeninyanyua alikuwa mama mdogo. Aliitwa, akaja mbio kutoka shambani, matope hadi magotini, akanigeuza ubavu, akanipangusa kinywa kwa upindo wa leso yake. Mtu mmoja alikuwa ameshika kijiko tayari kunitia mdomoni, eti nisijing'ate ulimi. Mama mdogo alimnyang'anya akakitupa vichakani. Kisha akasimama akawatukana wote, akianza na mwalimu mkuu. Hasira nilizo nazo nadhani nilizichukua kwake siku ile.

Ndiye aliyenipeleka kliniki Garsen. Tulivuka mto kwa mtumbwi, tukapanda bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma amenibana ili nisianguke njiani. Muuguzi wa kliniki ile alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, asiyetabasamu bila sababu. Alitukalisha kwenye benchi akatueleza sote wawili, ingawa mama mdogo alikuwa ameshayasikia miaka mingi. Dawa ni kila siku, saa ile ile. Ukisahau, usimeze mara mbili kufidia. Usimgawie mwenzako, hata kama mnaumwa kitu kimoja. Usiingie mtoni peke yako, usipike peke yako kwenye moto wa chini, usipande mahali pa juu. Vidonge vikikulevya, njoo useme, tutaangalia kipimo, tutapunguza polepole au tutabadilisha. Lakini usiache ghafla.

"Hata nikijiona mzima?" niliuliza.

"Hasa ukijiona mzima," alisema. "Huo uzima ni wa dawa."

Njiani mama mdogo alimwiga muuguzi, sauti kavu na midomo iliyobinywa, mpaka mwenye bodaboda akacheka naye. "Usipande mahali pa juu," alisema. "Juu wapi? Huyu mama ameiona nchi yetu?"

Ni kweli, nchi yetu haina juu. Ni tambarare ya mto, mashamba, mabwawa na migomba, na mtu anaweza kumwona ng'ombe akija muda mrefu kabla hajafika. Mahali pa juu tunapopajua ni dungu. Hilo ni jukwaa la miti tunalolisimamisha katikati ya shamba la mpunga, refu kumpita mtu mzima mara mbili, lenye ngazi ya vijiti na kipaa cha majani. Mpunga ukianza kuingiza maziwa kwenye masuke, ndege wadogo wanakuja kwa makundi kuyanyonya, na hapo lazima mtu akae juu ya dungu kutwa nzima, anapiga kelele, anavuta kamba zilizofungwa makopo, anarusha vibonge vya udongo kwa kombeo. Kazi hiyo tunaiita kuamia. Ndege wanakuja kabla jua halijachomoza na wanaondoka linapozama. Kundi moja likitua shambani mwako nawe hupo, utakuta masuke yamesimama wima kama kawaida, ukiyabinya ni makapi matupu.

Ugumu mwingine ni majirani. Mashamba yetu yamepakana toka ukingo wa mto hadi bwawani, na kila moja lina dungu lake. Wa kwanza akipiga kelele, ndege wanaruka kwa wa pili, wa pili anawasukuma kwa wa tatu, hivyo hivyo hadi wanatoka. Mmoja akisinzia, wanatua kwake, wanashiba, wanapata nguvu ya kurudi kwa wengine. Basi mwenye kusinzia anapigiwa kelele na mstari mzima: "Pengo! Pengo!" Ukiitwa pengo mara mbili katika msimu mmoja, utasikia habari zako kanisani.

Miaka yote mama ndiye aliyepanda dungu la kwetu. Mama mdogo alikaa chini, kwenye tuta, akivuta kamba na kuimba. Sauti yake ilifanya kazi kuliko makopo. Alikuwa na sauti ya juu, ile inayobeba kwaya, na akiimba pambio zake alfajiri, madungu ya mbali yalimwitikia. Sijui ndege walimwogopa au walimchoka, ila waliruka.

Sasa vidonge vile vinalevya. Nasema kwa sababu mimi pia navimeza. Huo si ulevi wa raha. Asubuhi kichwa kinakuwa kizito, kope zinarudi chini zenyewe, na mtu akikusemesha unamsikia kama yuko nyuma ya mlango. Kwangu baada ya muda ilipungua. Kwake haikuisha. Miezi mingine haikuwa na neno, aliamka akiwa amechelewa, akaitwa mvivu, akajibu tusi, siku ikaendelea. Miaka mingi ilipita bila kuanguka hata mara moja, na nadhani tulianza kuusahau ugonjwa na kukumbuka usingizi tu.

Mwaka huo goti la mama lilivimba. Hakuweza ngazi. Mimi nilikuwa nimeshahamia Garsen, nimepanga baraza na cherehani yangu, nashona nguo za watu, narudi nyumbani Jumamosi baadhi ya wiki. Kwa hiyo nilipokuja Jumamosi moja, wiki kadhaa baada ya mpunga kuanza maziwa, sikujua yaliyopita katikati.

Niliyakuta mambo mazuri, ndilo jambo linaloniuma. Mama mdogo alirudi shambani jua likizama, uso mkavu, macho maangavu, anaongea kwa kasi. Alikuwa amekonda kidogo. Alinikumbatia akanipiga kibao cha mgongo. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

"Huyu siku hizi ni mwingine," mama aliniambia. "Anaamka kabla ya jogoo."

Tulikula. Baada ya chakula nilitoa vidonge vyangu, nikajaza kikombe, nikamngoja asimame. Hakusimama.

"Vyako viko wapi?"

"Vimepumzika," alisema.

"Vimepumzika vipi?"

"Kama shamba linavyopumzishwa. Tukivuna narudia." Alisema hivyo akicheka, na akatazama upande wa mama apate wa kucheka naye. "Wiki ile ya kwanza niliitwa pengo kila siku. Kila siku, mwanangu. Mzee wa shamba la chini akaja hapa mlangoni, na adabu zake zote za mzee wa kanisa, akaniambia, dada, hivyo vidonge si uviweke kando mpaka tuvune? Nikaona ana neno. Na tangu siku hiyo sijasinzia."

Nilimwuliza mama kama alijua. Mama alisema alijua. Nilimwuliza nani anakaa juu ya dungu siku hizi. Mama alilitazama goti lake, nikapata jibu.

Sikuwa na maneno ya taratibu. Nilipiga meza, kikombe kikamwagika. Nilimwambia amesikia kwa masikio yake kwenye benchi lile, mara ngapi, usiache ghafla, usipande juu, na yeye amefanya yote mawili pamoja kwa sababu mzee mmoja asiyejua hata jina la dawa amesimama mlangoni. Nilimwambia ule wepesi anaouona si uzima, ni dawa inayomtoka mwilini, na ikishatoka yote tutaona.

"Mwache mama yako mdogo," mama alisema. "Ni siku chache tu."

"Twende naye kliniki Jumatatu. Kama vinamlevya watapunguza. Kazi yao ni hiyo."

"Jumatatu nani ataamia?" mama mdogo aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi, alitaka kujua kweli. Goti la mama lilikuwa limenyooshwa juu ya kigoda, limepakwa mafuta, linang'aa. Jirani zetu wote walikuwa na madungu yao ya kupanda.

"Wacha ndege wale," nilisema.

Walinitazama kana kwamba nimetukana mbele ya mchungaji. Mama aliugeuza uso pembeni. Mtu hasemi hivyo kwetu, hata kwa hasira. Mpunga ule ndio chakula cha mwaka, ndio wa kugawia ndugu, ndio wa mbegu. Nilijua hayo nilipoyasema, na ningeyasema tena.

Nilirudi Garsen Jumapili. Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa muuguzi kabla hajafungua. Alinisikiliza akiwa bado amebeba mkoba wake. Aliniuliza ni muda gani tangu aache, nikamwambia ninavyodhani.

"Mpigie sasa hivi," alisema. "Ashuke huko juu leo. Leo jioni ameze kipimo chake kile kile cha kila siku, asifidie vilivyopita. Kisha aje, au umlete. Huo usingizi una dawa. Haya mengine hayana."

Nilimpigia mama, mama akampelekea simu shambani. Kulikuwa na upepo na makopo, nikamsikia mama mdogo akipumua kwa kasi, ameshuka ngazi. Nilimweleza neno kwa neno.

"Haya," alisema. "Jioni nitameza. Usinililie kwenye simu, watu watadhani nimekufa."

"Na dungu?"

"Nitakaa chini. Nitaimba nikiwa chini."

Siku mbili zilizofuata nilipiga simu jioni, mama akapokea. Nilimwuliza amemeza? Mama alisema amemeza. Nilimwamini kwa sababu ni mama. Nikachukua na vidonge vyake vipya kliniki, nikaviweka kwenye mkoba pamoja na vyangu, nimpelekee Jumamosi na nirudi naye kwa bodaboda.

Hatukufika Jumamosi. Nilikuwa nashona shela la bibi harusi, kitambaa cha kuteleza kinachotaka macho yote, simu ikalia. Mama hakuamkia, hakuuliza habari. Alisema, "Njoo nyumbani," na nikasikia nyuma yake wanawake wakilia. Nilishika mkoba nikatoka. Shela nililiacha chini ya sindano, na bodaboda wa kwanza niliyemwona nilimpanda bila kusema ninakwenda wapi. Yeye ndiye aliyeniuliza, "Sister, tunaenda wapi sasa?" Nilimwonyesha kwa mkono upande wa mto.

Aliyemkuta ni mama mmoja wa Kiorma anayepita kila asubuhi kwenye tuta letu na madumu yake ya maziwa. Walizoeana. Yeye hupita mama mdogo akiimba, wanatupiana salamu, mara nyingine anaachiwa muhogo. Jioni ile alikuja kwetu, akakaa nami chini nje ya nyumba, akanieleza kwa Kiswahili chake, polepole, akishika mkono wangu.

"Mimi kila siku napita, nasikia yeye naimba. Leo hapana sikia. Nasema, labda yeye nalala. Naangalia juu, hapana mtu. Ndege mingi sana, mingi. Nasema, hapana, hii si kulala. Naacha maziwa, naingia kwa mpunga. Yeye iko chini, uso kwa maji."

Alikuwa amepanda. Dungu lilikuwa na leso yake juu, na kombeo, na vibonge vya udongo vilivyopangwa vizuri pembeni. Aliteleza toka kule, au kifafa kilimshika kwanza kikamtupa, sijui na sitajua. Aliangukia mfereji wa kuingizia maji kati ya matuta. Mama wa maziwa alimgeuza, akampangusa matope usoni kwa shela lake mwenyewe, akampigia kelele kwa jina. Hakuogopa povu. Madungu ya jirani yalikuwa yakiita pengo muda wote huo.

Nilikwenda mwenyewe kuutazama ule mfereji. Maji hayakufika kifundo cha mguu. Huyu ni mtu aliyezaliwa ukingoni mwa Tana, aliyevuka mto ukiwa umefurika akiwa amebeba mtoto wa mwenzie mabegani. Watu walikuwa wameshaanza kusema mto umemchukua, kwamba mto kila msimu unadai wake. Nilirudi nyumbani nikasema mbele ya wote kwamba mto haukumchukua. Alimezwa na maji ya kunawia kwa sababu alikuwa hana dawa mwilini na alikuwa juu. Mjomba mmoja akaniambia ninyamaze, maiti iko ndani. Nikamwambia ndiyo maana nasema.

Tulimzika kesho yake. Kwaya iliimba bila sauti yake, na kila mtu alisikia mahali ilipopaswa kuwa. Mzee wa shamba la chini ndiye aliyetoa shukrani. Alilia kweli, sitamsingizia. Alisema marehemu alikuwa mwamiaji hodari, kwamba msimu huu shamba lake halikuliwa hata suke. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

Kwa ajili ya matanga, wanawake walikata mpunga wa upande wa juu wa shamba letu, uliokuwa umetangulia kukomaa. Waliukata kwa visu vidogo, suke baada ya suke, wakaukausha kwa haraka, wakautwanga, wakaupika kwenye sufuria kubwa na kambare wa kukaanga. Wageni walikula. Niliwasikia nyuma yangu wakisifu, mpunga mpya una harufu, mpunga umejaa, mwaka huu ndege hawakupata kitu. Niliwekewa sahani. Nililia ndani ya ile sahani na bado nilikula, kwa sababu ilikuwa saa yangu ya dawa na muuguzi aliniambia nisimeze tumbo tupu, linanichafuka. Hadi siku hiyo nilikuwa sijawahi kumeza mbele ya watu. Tulimeza ndani, mlango umefungwa, yeye na mimi. Nilitoa vidonge vyangu katikati ya uwanja, nikaviweka kiganjani watu wavione, nikasimama, nikavitupa kinywani.

Siku hizo za matanga mwanamke mmoja alinivuta kando. Alikuwa na binti mkubwa anayeanguka, wamekuwa wakimfukizia moshi. Alikuwa amesikia kwamba mkobani mwangu mna vidonge vya marehemu ambavyo havijafunguliwa.

"Nigawie tu hivyo," alisema. "Yeye havimfai tena."

Kwetu kugawana ni tabia njema. Mtu akifa, nguo zake zinagawiwa, jembe lake, sufuria yake. Nilimwelewa, na nilimkasirikia kwa kuwa nilimwelewa. Nilimwambia hizi si nguo. Kipimo cha mama mdogo kilikuwa cha mama mdogo, binti yake anaweza kutaka dawa nyingine kabisa, na akianza kuvimeza hivi vikamwishia, ataachia ghafla, na mfereji alikwisha uona. Nilimwambia amlete Garsen, nitawapokea stendi mimi mwenyewe. Aliondoka amenuna. Baadaye alimleta. Vidonge vya mama mdogo nilivirudisha kliniki, na muuguzi alivipokea kwa mikono miwili, kisha akaingia chumba cha ndani akakaa huko kitambo.

Mama hakulia mbele yangu hadi wageni walipoondoka. Tulikuwa tunakunja mikeka. Alikaa chini na goti lake, akasema bila kunitazama.

"Ile jioni ya simu yako alivitoa. Aliviweka kiganjani. Akaniuliza, dada, nimeze? Nikamwambia zimebaki siku chache tu, usije ukaitwa pengo tena. Akavirudisha."

Nilingoja hasira ije. Nimekuwa na hasira kwa mambo madogo maisha yangu yote, kwa nyuzi zilizokatika, kwa watu wanaochelewa. Haikuja. Niliendelea kukunja mkeka, nikaufunga kamba, nikauegemeza ukutani. Mama alikuwa bado amekaa pale pale, na nikaona jinsi alivyozeeka katika wiki moja.

Upande wa chini wa shamba ulikuwa bado wa maziwa. Ndugu walikwisha rudi makwao, na jirani walikuwa wameziba kwetu kwa zamu wakati wa msiba, lakini sasa walitaka mtu. Nikasema nitakaa mimi. Mama hakunikataza. Nilituma ujumbe Garsen kwamba shela la bibi harusi limalizwe na fundi mwingine.

Sikupanda dungu. Nilitandika gunia kwenye tuta, chini ya kivuli cha makuti, mbali na mfereji, nikakusanya ncha za kamba zote nikazifunga pamoja mkononi. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemeza vidonge vyangu saa ile ile, kipimo kile kile. Alfajiri nilivuta kamba, makopo yakalia, nikajaribu na kuimba, lakini mimi sina sauti. Ndege waliruka wakaenda kwa jirani. Jua likapanda. Nililisikia joto lake kwenye kope. Nilijua ninakwenda na usingizi na sikuweza kujizuia.

Kilichoniamsha ni mlio. Ndege wengi wakila pamoja wana mlio wa mvua nyepesi juu ya makuti. Shamba lilikuwa limegeuka rangi, linatikisika lote. Toka shamba la chini mzee alikuwa anaita, "Pengo! Pengo kwa kina marehemu!" na wengine wakimwitikia hadi bwawani. Kamba zilikuwa bado zimefungwa mkononi mwangu. Nilizitazama.

Mama alikuwa anakuja juu ya tuta, fimbo mkono mmoja, birika la chai mkono mwingine. Aliona shamba kabla hajaniona mimi. Alisimama. Kisha akaja hadi nilipo, akaweka birika chini, akazishika zile kamba, nikadhani atazivuta.

"Jana ulimeza?" aliniuliza.

"Nilimeza."

"Vyote?"

"Vyote, mama."

Aliziachia. Mzee akaita tena, kwa ukali sasa, akamtaja mama kwa jina lake. Mama alijigeuza kumwelekea, akaegemea fimbo, akavuta pumzi. Sikujua kwamba na yeye ana sauti ile. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, ya juu, iliyofika madungu yote.

"Waache wale!"

Mstari mzima ukanyamaza. Mama akakaa chini kando yangu, akaunyoosha mguu wake mbovu, akanimiminia chai. Tulikunywa tukiwatazama wakila.